Shaba inatoka nyeupe, uso unatoka giza: kupiga picha za mapambo ya mkono kwa simu

*Swali: Habari za kazi, mwalimu. Mimi ni msichana wa mwaka wa pili, nasomea ubunifu wa mitindo hapa Kisumu. Kwa mradi wa muhula huu nimetengeneza vipande kumi na viwili kwa mkono: hereni na bangili za shaba ya manjano iliyogongwa kwa nyundo, vidani vya shanga za jiwe la sabuni kutoka Tabaka, pochi mbili za ngozi ya samaki mbuta na mkoba mmoja wa gugumaji. Nimepiga picha mara mbili nikiwavisha binamu yangu na rafiki yake, wote weusi tititi kama mimi. Nilitumia simu, saa saba mchana, pale ufuo wa Dunga ili ziwa lionekane nyuma. Shaba ilitoka na madoa meupe na nyuso zikawa giza. Nikiongeza mwanga nyuso zinaonekana, lakini hereni zinageuka karatasi nyeupe. Mara ya pili aliyewapamba aliwapaka faundesheni nyepesi kidogo, ikawa mbaya zaidi. Modi ya potreti nayo ilikata nusu ya hereni, na pochi ya mbuta inaonekana kama plastiki. Mmoja ananiambia ninunue ringlaiti, ile taa ya duara, mwingine anasema simu haifai, nikodi kamera kubwa. Zimebaki wiki tatu na pesa sina nyingi. Nianze wapi?*

Dada, kwanza rudisha pesa mfukoni. Umeorodhesha shida tano au sita, lakini ukizifuata moja moja hadi mwisho wake utakuta nyingi zinatoka mahali pamoja, napo ni pale ulipowasimamisha wasichana na saa uliyowasimamisha.

Kisumu iko kusini kidogo tu ya ikweta. Saa yetu ya Afrika Mashariki imepangwa kwa longitudo ya digrii 45, ilhali Kisumu iko karibu na digrii 35, kwa hiyo jua letu hufika kileleni yapata saa sita na dakika arobaini mchana, si saa sita kamili. Maana yake saa saba uliyochagua ndiyo utosini hasa. Hapo paji la uso linatupa kivuli machoni, nywele zinatupa kivuli masikioni na kidevu kinaifunika shingo yote. Hereni na vidani vinakaa wapi? Humo humo kivulini. Ongeza kwamba nyuma yao kulikuwa na maji yanayomeremeta, na tayari umeipa simu hesabu isiyoweza kuimaliza.

Simu inahesabu hivi. Inapima mwanga wa eneo zima na kutafuta wastani wa katikati, kitu kama kijivu. Ikiona ziwa na anga nyeupe vimejaa nusu ya picha, inapunguza kila kitu ili visiungue, na nyuso zinashuka pamoja navyo. Wewe unapandisha mwanga kwa kidole ili uuone uso. Lakini shaba tayari ilikuwa imegusa dari, haina pa kupanda tena, basi inabaki doa jeupe lisilo na rangi wala alama za nyundo. Doa hilo likishatokea hakuna programu ya kulirekebisha, kwa sababu simu haikurekodi chochote pale. Giza, kwa upande mwingine, linaweza kuinuliwa kidogo baadaye. Kwa hiyo utapima mwanga kwa kuangalia shaba, na uso utauinua kwa njia nyingine nitakayoieleza.

Kabla ya hapo, neno moja kuhusu ngozi, maana naona ushauri wa faundesheni nyepesi umekuingia. Dhana kwamba ngozi nyeusi "ni ngumu kupiga picha" ina asili yake. Tangu miaka ya 1950 maabara za picha zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zilizobeba picha ya mwanamke mzungu, zikaitwa kadi za Shirley, na filamu na mashine zikafuata vipimo hivyo kwa miaka mingi. Ngozi yenyewe haina ugumu wowote. Inaonyesha umbo lake kwa mng'ao: ule mstari laini wa mwanga juu ya shavu, kwenye mtulinga, begani. Ukiipa mwanga mpana kutoka upande mmoja, mng'ao huo unatandaa vizuri na pambo linapata pa kukaa. Ukiipaka faundesheni nyepesi unaleta balaa la pekee kwa mtu anayepiga picha za hereni, kwa sababu hakuna anayepaka masikio. Uso unakuwa na rangi yake, sikio rangi yake, shingo rangi yake, na hereni imening'inia katikati ya mipaka hiyo mitatu. Chagua faundesheni kwa kuijaribu shingoni, karibu na sikio, nje kwenye mwanga wa mchana, na upake hadi nyuma ya ndewe. Poda kidogo kwenye pua na paji inatosha. Mafuta kidogo sana kwenye mtulinga yanapendeza chini ya kidani, ila wafute mikono kabisa kabla hawajashika pochi, maana ngozi ya mbuta ikinywa mafuta doa halitoki.

Sasa tuje kwenye shaba, na hapa nakuomba utulie, kwa sababu wengi hukosea hapa.

Chuma kinachong'aa ni kioo. Ukipiga picha ya hereni ya shaba, unapiga picha ya kile ambacho hereni inakiona, kikiwa kimetiwa rangi ya manjano. Jua, japo lina nguvu, ni kitu kidogo sana angani, upana wake ni kama nusu digrii. Kwa hiyo ndani ya shaba linaonekana kama nukta kali, na pande zote za nukta hiyo ni giza. Shaba yako umeigonga kwa nyundo, basi kila kishimo ni kioo kidogo chenye jua lake. Hereni moja inaweza kubeba majua hamsini. Hiyo ndiyo sababu inaonekana chafu, ingawa uliisugua mpaka vidole vikauma.

Dawa yake ni kuipa hereni kitu kikubwa na cheupe cha kuangalia. Fanya jaribio hili leo jioni, halikugharimu kitu. Chukua kijiko cha chakula, simama uani juani, kishike karibu na sikio la mwenzako, mgongo wa kijiko ukikutazama. Utaona nukta ya jua, mabati ya jirani, na wewe mwenyewe ukiwa doa jeusi katikati. Sasa ingieni chini ya baraza, yeye autazame uwanja wazi. Nukta imepotea, na mahali pake pana utepe mpana wa mwanga unaofifia taratibu. Leteni karatasi ya manila nyeupe upande wa sikio, kama sentimita 40 kutoka shavuni, na utaona utepe wa pili ukiingia kwenye kijiko. Ukipenda unachokiona kwenye kijiko, hereni nayo itatoka hivyo. Kijiko hicho kiweke kwenye mkoba wako wa kazi. Kinapima mahali kwa sekunde tano, hata kabla hujamvisha mtu.

Vifaa unavyohitaji ni vichache: manila nyeupe mbili, nyeusi moja, shuka nyeupe isiyo na maua, vibanio vya nguo, foili ya jikoni, na mtu mmoja wa kushika. Baraza ulichague kwa jua. Asubuhi tafuta linalotazama magharibi, na alasiri linalotazama mashariki, ili jua liwe nyuma ya nyumba na mwanga wako utoke angani. Msimamishe msichana hatua moja ndani ya ukingo wa paa. Akienda ndani zaidi, mwanga unapungua na macho yanakufa. Akitoka nje kidogo, utosi unapigwa na jua na nywele zinaungua. Mgeuze ili mwanga umfikie kwa pembeni, kama nusu ya kugeukia upande. Pambo liwe upande unaoelekea uwanja wazi, na manila nyeupe ushikiwe upande wa pili, karibu na uso lakini nje ya fremu. Manila hiyo ndiyo itakayouinua uso bila wewe kugusa kipimo cha mwanga cha simu. Ikiwa bado uso ni mzito, kunja foili kama mpira, ikunjue, ibandike juu ya manila na ujaribu tena. Mikunjo ile inasambaza mwanga. Foili laini hurusha mwale mmoja mkali usoni.

Manila nyeusi watu huisahau. Shaba ikizungukwa na weupe mtupu inapoteza kingo zake na kuonekana kama ufinyanzi uliopakwa rangi. Kata ukanda mweusi wa upana wa vidole vitatu, uushike mahali hereni "inapouona", na mstari mwembamba mweusi utatokea pembeni mwa mduara. Hapo ndipo inaonekana ni chuma. Isogeze huku na huku ukitazama kwenye skrini, na usimame pale inapokaa vizuri.

Nawe mpiga picha umo ndani ya hereni, kumbuka. Ukivaa fulana nyekundu, kila kishimo cha nyundo kitakuwa na chembe nyekundu. Vaa nyeupe au kijivu. Kwa bangili pana, toboa tundu la sentimita sita katikati ya manila nyeupe, upitishe lenzi ya simu hapo na ujifiche nyuma yake. Utaonekana kituko mbele ya majirani lakini bangili itatoka safi. Angalia pia ardhi na kuta: nyasi za kijani hupandisha ukijani chini ya kidevu na chini ya shaba, na ukuta uliopakwa rangi ya tangazo la simu au sabuni hutia rangi yake yote kwenye ngozi. Tandika shuka nyeupe chini ya miguu, na zima taa yoyote iliyo karibu, kwa sababu balbu na mwanga wa mchana havina rangi moja na simu itachagua kimoja na kuharibu kingine.

Upande wa simu, zima modi ya potreti kabisa, na zima urembeshaji wa uso. Modi ya potreti haina macho. Inakisia wapi mtu anaishia, halafu inatia ukungu kwingine kote. Waya mwembamba, pindo na tundu la katikati ya hereni huwa vinaichanganya, na ndiyo maana nusu ya hereni yako ililiwa. Ukungu wa nyuma utaupata kwa njia ya kawaida: mweke msichana mita mbili au zaidi mbele ya ukuta au kitambaa kisicho na maua. Urembeshaji nao hulainisha alama za nyundo na ngozi kwa pamoja, kwani simu haijui kipi ni kipi.

Usisogee karibu. Lenzi kuu ya simu nyingi ni pana, na ukiisogeza sentimita 30 kutoka sikioni, sikio linakua, pua inavutwa na hereni inaonekana kubwa kama sahani. Simama mita moja na nusu hivi na utumie lenzi ya kuvuta, mara 2 au mara 3, kama simu yako inayo. Lakini kuna hila hapa: ukiwa karibu mno kwa lenzi hiyo, simu nyingi hurudi kimyakimya kwenye lenzi kuu na kukuza picha kwa kuikata. Ziba lenzi ya kuvuta kwa kidole. Skrini isipoingia giza, ujue umedanganywa. Rudi nyuma hatua moja. Kama simu haina lenzi ya kuvuta, piga kwa mara 1 au mara 2 ukiwa umesimama pale pale mbali, kisha ukate picha baadaye. Kwa matumizi ya skrini, upande mrefu ukibaki na pikseli 2,000 unatosha.

Kisha bonyeza kwenye hereni na usiachilie mpaka simu ifunge fokasi na mwanga. Buruta alama ya jua ishuke taratibu mpaka madoa ya shaba yapate tena unjano. Uso ukionekana mzito kidogo hapo, msaidizi asogeze manila. Ukiwa na modi ya kitaalamu kwenye simu, weka ISO (kipimo cha simu kuhisi mwanga) 50 au 100 na kasi isiyo chini ya sekunde 1/250, maana hereni inayoning'inia haitulii hata mtu akishikilia pumzi. Picha ya kwanza ya kila mahali ipige msichana akiwa ameshika karatasi nyeupe karibu na uso. Utaitumia kusawazisha rangi za picha zote zinazofuata.

Pochi ya mbuta inahitaji mwanga tofauti, na ndiyo pambo lako lenye utajiri mkubwa zaidi, sijui kama unalijua hilo. Kila mahali magamba yalipong'olewa pamebaki kijifuko, na ncha yake imeinuka kidogo kama ukurasa uliokunjwa. Mwanga wa juu au wa mbele unajaza vijifuko vyote kwa pamoja, kinachobaki ni mng'ao wa rangi ya juu, na mng'ao huo ndio unaoifanya ionekane plastiki. Unataka mwanga unaokwaruza uso wa pochi kutoka pembeni, chini chini, kama jua la saa moja asubuhi linavyochora matuta kwenye shamba lililolimwa. Mwambie msichana aishike pochi mbele ya tumbo, uso wake ukitazama mbele, halafu aigeuze polepole kama anayefungua mlango. Kuna pembe moja ambapo doa jeupe linateleza na kuondoka, na kila kijifuko kinatupa kivuli chake. Mwambie abaki hapo. Upande unakotoka mwanga nao una maana, kwa kuwa ncha za vijifuko zote zimeelekea upande mmoja. Mwanga ukitoka upande wa mkia au wa kichwa wa samaki, matokeo hayafanani, basi pindua pochi ujaribu zote mbili. Miwani ya jua ya polaraizi ikishikwa mbele ya lenzi na kuzungushwa inapunguza mng'ao wa ngozi hiyo. Usitegemee ifanye hivyo kwa shaba, kwani mng'ao wa chuma kitupu haupunguzwi na polaraizi.

Shanga za jiwe la sabuni ni rahisi zaidi. Weupe na upinki wake juu ya ngozi nyeusi hauhitaji kusaidiwa, ila pima mwanga kwa shanga kama ulivyofanya kwa shaba. Shida yake ni uzito. Kidani kinateleza, kifungo kinatambaa hadi kikaja mbele, na shanga zinakusanyana upande mmoja. Kibandike nyuma ya shingo kwa kipande kidogo cha selotepu, na umwambie msichana ashushe mabega na asogeze kidevu mbele kidogo, si juu. Kidevu kikipanda shingo inajikaza na mishipa inatoka. Mkoba wa gugumaji nao ujaze magazeti ili usinyong'onyee, kata nyuzi zilizochomoza kwa mkasi mdogo, na uuning'inize kiwikoni ili mtazamaji ajue ukubwa wake. Usiunyunyizie maji kuulainisha siku ya picha. Ukifungiwa ukiwa na unyevu unaota ukungu.

Kuhusu mavazi nitasema machache kwa sababu wewe ndiye mwanafunzi wa mitindo. Kitenge chenye maua makubwa kitapigana na hereni na kitashinda. Pamba isiyong'aa ya rangi moja inafaa: rangi ya udongo, buluu nzito, au nyeupe isiyo kali sana. Satini ni kioo kingine, iache. Hereni ndefu inataka shingo wazi, kwa hiyo nywele zipandishwe au zisukwe mistari ya kurudi nyuma. Rasta zikiachwa zimemwagika zinaificha hereni na kuitupia kivuli. Pambo moja kubwa kwa picha moja. Najua utataka kuonyesha yote, na mtahini huenda akaomba seti nzima, basi piga moja ya seti na uirudie kila kipande peke yake.

Usafi wa shaba ufanye usiku wa kuamkia siku ya picha, si wiki nzima kabla, kwa sababu jasho la vidole huifanya nyeusi upesi. Limau na chumvi kidogo kwa kitambaa, sugua, suuza kwa maji mengi, kausha kabisa. Fanya hivyo kwa shaba tupu tu. Palipo na shanga au gundi tumia kitambaa kikavu, maana tindikali ya limau inaweza kuviharibu. Baada ya hapo zishike kwa kitambaa. Alama ya kidole usiyoiona mezani utaiona kwenye skrini.

Na masikio ya wasichana yana haki yake. Waulize mapema kama kuna chuma kinachowawasha. Futa vishikizo vya hereni kwa spiriti kabla ya kila mtu kuvaa, hata kama ni binamu. Mtu akianza kuwashwa au ndewe likivimba, vua hapo hapo. Likiendelea kuvimba, kutoa maji au kuuma siku inayofuata, aende kliniki aonwe. Asipake dawa ya kubahatisha.

Ratiba nayo. Vipande kumi na viwili kwa siku moja ni vingi, kwani mwanga mzuri wa asubuhi unao kama saa mbili, kuanzia saa moja hadi saa tatu. Alasiri kuna kuanzia saa kumi na nusu, lakini hapo upepo wa ziwa umeshaamka, nguo nyepesi na hereni havitulii, na Kisumu mvua ya radi hupenda kuja jioni. Gawa asubuhi mbili, vipande sita kila moja, hereni zote siku ya kwanza nywele zikiwa juu. Asubuhi ya tatu iache tupu, ya akiba. Jua letu la ikweta hupanda haraka, digrii 15 kwa saa, basi wasichana wawe wameshapambwa kabla ya saa moja.

Dunga usiiache kabisa kama ziwa lina maana kwenye mradi wako. Piga picha nyingi chini ya baraza, kisha nenda Dunga asubuhi moja kwa picha mbili tatu za kuonyesha mahali, ukitafuta kivuli cha mti au cha paa, na uweke mitumbwi au matete nyuma badala ya maji matupu. Zungumza kwanza na wasimamizi wa ufuo, na usimwingize mvuvi kwenye picha bila kumuuliza.

Ringlaiti? Usinunue. Itachora duara jeupe kwenye kila kishimo cha nyundo na kwenye mboni za macho, na kwa kuwa inatoka mbele itaifanya pochi ya mbuta kuwa plastiki zaidi. Kamera kubwa ina faida ya kweli: lenzi ndefu, na nafasi kubwa zaidi kati ya giza na weupe kabla picha haijaungua. Lakini ukiipeleka Dunga saa saba mchana italeta madoa yale yale, na siku moja ya kukodi haitoshi kwa mtu asiyeijua. Ningekuwa na pesa kidogo ya kutumia, ningeiweka kwenye nusu siku ya studio yenye taa mbili zilizofunikwa kitambaa cha kulainisha mwanga, kwa ajili ya bangili peke yake, na hilo baada ya kujaribu manila yenye tundu na kushindwa. Upande wa ndani wa bangili ni laini na umepinda, unaona chumba kizima, na wakati mwingine hauna dawa ya barazani. Nenda na kijiko chako, mwambie mpiga picha unataka utepe mmoja mpana na ukingo mweusi, ataelewa.

Kabla hujaenda mbali, wasichana wakuandikie kibali. Picha inayomtambulisha mtu ni taarifa yake binafsi chini ya sheria ya Kenya ya kulinda data ya mwaka 2019, na idhini ya mradi wa shule haimaanishi idhini ya kuuza bidhaa mtandaoni. Ukurasa mmoja unatosha: majina, tarehe, picha zitatumika wapi na kwa muda gani, malipo ni nini au hakuna, na anaweza kufanya nini akibadili nia. Kama rafiki wa binamu yako hajafika miaka 18, mzazi au mlezi atie sahihi. Kabla ya asubuhi ya pili mwonyeshe mhadhiri wako picha tatu za asubuhi ya kwanza uso kwa uso, si kwa ujumbe. Atakachokigundua kwa dakika kumi kitakuokolea siku nzima.

Katika kuhariri, zima kwanza ile rangi ya njano ya skrini inayolinda macho usiku. Weka hereni yenyewe kando ya simu, mchana, na uzilinganishe. Programu ya Snapseed inatosha. Anza na ile picha yenye karatasi nyeupe, sawazisha mpaka karatasi iwe nyeupe bila ubuluu wala unjano, kisha tumia kipimo hicho hicho kwa zilizobaki. Usiipandishe shaba ikawa dhahabu, maana mteja atakayeipokea ataona tofauti. Na utakapozituma, usizitume kama picha za kawaida za WhatsApp, kwani zinabanwa na alama za nyundo ndizo za kwanza kupotea. Zitume kama hati.